Kuvu za Mizizi

Kuvu za mizizi huishi kwa shirika na mimea, zikiipatia fosforasi na kulipwa sukari. Wala si kabila moja lenye kazi moja. Zile za mihogo na mtama, kuanzia viunga vya Mukendo mjini Musoma hata Bunda na Butiama, hupenya ndani ya chembe za mzizi, baadhi zikitandaza nyuzi mbali udongoni, baadhi zikiukinga mzizi na maradhi; ilhali zile za miti ya miombo, alizozichunguza Peter Högberg nchini Tanzania na kuzitangaza mwaka 1982, huuvika mzizi ala kwa nje, na miongoni mwake zimo zizaazo uyoga mtamu. Muhogo, kwa uhaba wa vinyweleo mizizini, huzihitaji mno. Mbolea ya fosforasi ikikithiri, mmea hupunguza malipo, na shirika hulegea.