Thumni Moja Iliyowatatiza Wataalamu wa Shaba

Mwaka 1986, katika maabara ya IBM huko Rüschlikon, Uswisi, Bednorz na Müller walitambua kwamba mchanganyiko wa lanthanamu, bariamu, shaba na oksijeni, ukipozwa hadi karibu na Kelvini 30, huanza kupitisha umeme pasi na ukinzani wowote. Na ijapokuwa hiyo ni baridi ya kupindukia, joto hilo lilikipita kiwango chochote kilichopata kuonekana tangu Kamerlingh Onnes alipoigundua ajabu hiyo katika zebaki, mjini Leiden, mwaka 1911. Mwaka uliofuata ugunduzi wao, Bednorz na Müller wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Katika mchanganyiko huo shaba na oksijeni hukaa matabaka matabaka, na bariamu, itiwapo mahali pa lanthanamu, huyapokonya matabaka hayo elektroni na kuyaachia matundu, ambayo ndiyo yabebayo umeme. Ilitarajiwa basi kwamba kadiri matundu yanavyoongezeka, ndivyo tabia ile itakavyoimarika taratibu hadi ukomo wake, kisha ififie. Kumbe sivyo: wataalamu wa Brookhaven, jimbo la New York, walipopima sampuli baada ya sampuli mwaka 1988, waliona kwamba matundu yafikapo thumni moja kwa kila atomu ya shaba, tabia hiyo hudidimia karibu kutoweka, na yakizidi kidogo hurejea.

Mwaka 1989 Zaanen na Gunnarsson walionyesha kwa hesabu kwamba huenda matundu hayatawanyiki ovyo, bali hujipanga safu safu mithili ya mistari ya kikoi, na baina ya safu hizo spini za shaba, yaani visumaku vya elektroni, huelekea kinyume, moja juu na jirani yake chini. Ushahidi ulikuja mwaka 1995, pale Tranquada na wenzake walipoipiga kwa nyutroni fuwele ya jamii hiyo, iliyotiwa neodimiamu ili safu hizo, ziitwazo milia, zisihamehame. Chaji zilijirudia kila baada ya hatua nne (hatua moja ni kutoka atomu ya shaba hadi jirani yake), na spini kila baada ya nane, kwa kuwa kila mlia huzigeuza spini za ng'ambo yake. Tena, fuwele ilipopozwa, chaji zilitangulia kujipanga, spini zikafuata.

Wengi wakahukumu kwamba milia ni hasimu wa upitishaji ule usio na ukinzani, na eksirei za mwaka 2012 ziliipa nguvu hukumu hiyo, kwani katika mchanganyiko wenye itriamu mpangilio wa chaji ulionekana kunyong'onyea mara upitishaji ulipoanza. Hata hivyo, mwaka 2007 mchanganyiko wa bariamu, kwenye thumni ile ile, ulikuwa umekwisha kuonyesha ukinzani ukiporomoka ndani ya matabaka karibu na Kelvini 40, ilhali baina ya tabaka na tabaka njia ingali imezibwa. Kwa hiyo nadharia yoyote idaiyo kufumbua siri ya shaba haina budi kueleza jinsi mpangilio mmoja unavyoweza kuuzuia umeme upande huu na kuuachia upande ule.