Miche kwenye viriba: Lini umwagilie, lini uache

Songea mvua huanza kati ya Novemba na Desemba. Anayetaka kupanda kahawa au parachichi mvua zikishika, lazima alee miche kwenye viriba kiangazi chote. Hapo ndipo miche mingi hufa, na si lazima iwe kwa kukosa maji. Mingine hufa kwa kuzidishiwa.

Udongo ukijaa maji, hewa hutoka na mizizi hukosa pumzi. Majani yanalegea na kuwa ya njano, mtu anadhani mche una kiu, anaongeza maji, mche unaoza. Unyevu huo pia huleta kinyausi, ugonjwa wa fangasi unaoozesha shina changa usawa wa udongo.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole hadi pingili ya kwanza. Ukikuta unyevu, acha. Ukikuta pakavu, mwagilia taratibu kwa keni yenye matundu madogo mpaka maji yatokeze chini ya kiriba. Au nyanyua kiriba: kikiwa chepesi kuliko kawaida, kinataka maji.

Mwagilia asubuhi ili majani yakauke mapema. Juni na Julai kuna baridi, udongo unachelewa kukauka, hivyo unaweza kuruka siku mbili au tatu. Oktoba jua likiwaka, kagua kila siku.

Kiriba kisicho na matundu chini kitoboe kwanza. Maji yasipopata pa kutokea, hata kidogo yatazidi.