Timazi, Bwana Afya na Kibali: Nani Aliikagua Nyumba ya Pwani

Katika miji ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Kilwa, nyumba ilikaguliwa kwanza na vifaa vyake vyenyewe. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo juu ya tanuu la magogo. Chokaa haina haraka. Saruji huanza kushika ndani ya saa chache. Chokaa hukaza kadiri inavyovuta hewa, kwa wiki na miezi, na ukuta uliopandishwa kwa pupa hutumbuka kabla haujafika darini. Kwa hiyo waashi walipandisha kiasi, wakaacha pakauke, wakarudi. Wakati wa kusubiri kila kasoro ilipata nafasi ya kujionyesha: kona iliyolala, ufa uliokuwa wa unywele ukawa wa kidole, msingi uliozama upande mmoja. Mwenye nyumba hakuwa mbali. Mara nyingi alijenga katika mtaa wa ukoo wake, pengine akiongeza ghorofa juu ya nyumba yake kwa ajili ya binti anayeolewa, kama ilivyokuwa desturi Lamu, na kila alipotoka msikitini aliiona kazi ilipofikia.

Boriti nazo ziliweka sheria yao. Gogo la mkoko kutoka delta ya Rufiji au visiwa vya Lamu halibebi dari salama likivuka nafasi inayozidi sana mita tatu, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Fundi hakuhitaji kitabu cha kanuni kumwambia upana wa chumba. Majahazi yalizipeleka boriti hizo hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya ujenzi ilikuwa haba, na vyumba vya nyumba nyingi za kule vikapata wembamba uleule. Juu ya boriti zilipangwa bapa za mawe, kisha zege la chokaa na kokoto, ambalo lilipigiliwa kwa vigongo siku nyingi mpaka likawa gumu. Huko Unguja ya karne ya 19 kazi hiyo ilifanywa na safu za watu waliogonga kwa pamoja huku wakiimba, wengi wao watumwa. Wanaosifu leo uimara wa dari za Mji Mkongwe hawalikumbuki sana jambo hilo.

Chombo cha mwashi kilichobeba heshima yote ya kazi kilikuwa timazi, yaani uzi wenye kipande cha risasi au jiwe mwishoni. Ukuta ulisimama au haukusimama, na uzi haukuwa na upendeleo. Hata hivyo aliyeshika uzi alikuwa fundi mwenyewe. Mwenye nyumba alilindwa zaidi na jina la fundi: mji ulikuwa mdogo, kazi ilirithishwa kutoka baba hadi mwana, na dari iliyoanguka ilikula riziki ya ukoo mzima.

Mtu wa tatu, asiye fundi wala mwenye mali, aliingia pale ulipotokea ugomvi. Nyumba za mji wa mawe zilishikana kuta, dirisha la mmoja lilitazama ua wa mwingine, na maji ya paa yalihitaji njia. Fikihi ya Kiislamu, iliyofuatwa na makadhi wa pwani, ina milango mirefu juu ya ukuta wa shirika na haki za jirani, na inamruhusu kadhi asiyejua kazi ya ujenzi kutegemea kauli ya wajuzi wa kazi hiyo. Mwashi aliyeitwa kutazama ukuta wa watu wengine na kusema anachokiona ndiye babu wa mkaguzi huru wa leo. Tofauti ni kwamba yeye aliitwa baada ya madhara, si kabla.

Nyumba za mawe zilikuwa za wachache. Watu wengi wa pwani waliishi katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, na huko kujenga kulikuwa jambo la jamaa na majirani. Nguzo zilichimbiwa, fito zikafungwa kwa kamba, kisha ikaja siku ya kukandika, ambapo udongo ulikanyagwa kwa miguu na wenyeji wakapika chakula cha kuwashibisha waliokuja kusaidia. Nyumba ya namna hiyo haikuficha kitu. Kila aliyeikandika aliziona fito zake, na masika ya kwanza yalimaliza ubishi wowote uliobaki. Palipoharibika pakakandikwa tena; uzee wa nyumba ulikuwa kazi ya kila mwaka, haukuwa aibu ya fundi.

Ukaguzi wa serikali ulikuja na ukoloni, na ulikuja kwa nia nyingine kabisa. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya majengo: sehemu ya bahari kwa nyumba za mtindo wa Kizungu, sehemu nyingine kwa majengo ya kudumu ya kawaida, na pembeni nyumba za wenyeji. Waingereza, walioushika mji mwaka 1916, waliendeleza mpango huo kwa kanda tatu ambazo watu walizipa majina yaliyosema ukweli wote: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo ya Uswahilini uliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja.

Ujanja wa kanuni hizo ulikuwa katika lugha yake. Hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja vifaa, urefu wa dari, upana wa dirisha, umbali kutoka mpakani. Ambaye hakuwa na fedha za kujenga kwa vipimo hivyo hakufukuzwa kwa sababu ni Mwafrika, ila kwa sababu nyumba yake haikufikia kiwango. Kule Uswahilini kanuni zililegea, na paa za madebe yaliyopasuliwa zikaruhusiwa, lakini pamoja na ulegevu huo kiwanja kilibaki cha kukodi na mwenye nyumba hakupata hati ya kumwezesha kukopa. Hivyo kanuni ya ujenzi iliamua nani ajenge imara kabla haijauliza kama nyumba yoyote ni imara.

Aliyevuka kizingiti cha nyumba ya Mswahili kwa jina la serikali hakuwa mhandisi. Alikuwa Bwana Afya. Alitazama choo, maji yaliyotuama, mwanga na panya, kwa kuwa hofu kuu ya watawala wa miji ilikuwa tauni na malaria. Nairobi, tauni ya mwaka 1902 iliwafanya wakuu wauchome moto mtaa wa maduka ya Wahindi, na mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, alipendekeza mitaa itenganishwe kwa mataifa kwa hoja ya usafi. Unguja nako, mpango wa mji ulioandikwa na H. V. Lanchester mwaka 1923 ulizungumzia mtaa wa Ng'ambo kama tatizo la hewa, njia na mifereji. Bwana Afya aliweza kuamuru nyumba ibomolewe. Hakuweza, na hakutakiwa, kumwambia mwenye nyumba kama fundi wake amempunja. Kutokana na ziara hizo wakazi wa miji walirithi mazoea ambayo hayajaisha: kumwona mkaguzi mlangoni ni dalili ya faini au nyundo ya kubomolea, na busara ni kumaliza kazi kabla hajapita.

Baada ya uhuru kilichobadilika haraka zaidi ni kifaa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilikuwa kikizalisha tangu mwaka 1954. Cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza mwaka 1966. Tofali la saruji likawa ndoto ya kila familia, na serikali ya Tanzania ikaihubiri nyumba bora mjini na vijijini. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, Benki ya Nyumba ikafuata miaka ya 1970, na katika miaka hiyohiyo viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili watu wajijengee wenyewe.

Saruji ilileta kitu ambacho chokaa na udongo havikuwa nacho: siri. Zege likishamwagwa hakuna jicho linaloona nondo ngapi zimo ndani, zimefungwa kwa umbali gani, au kokoto ilichanganywa na mchanga wa chumvi. Tofali lililotengenezwa kwa kuunyoosha mfuko mmoja wa saruji kupita kiasi hufanana na tofali jema mpaka lidondoshwe. Fundi anayefahamu kwamba zege linataka kumwagiliwa maji kwa siku saba anaweza kuliacha likakaukia juani siku ya pili, na ukuta ukapigwa plasta, ukapakwa rangi, ukang'aa. Hapo ndipo ukaguzi wa kabla ya kufunika ulipokuwa wa lazima kwa maana ya kihandisi, katika nchi ambazo ukaguzi ziliouzoea ulikuwa wa vyoo na mipaka. Kitengo cha utafiti wa majengo kilichoanzishwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilijaribu kuziba pengo kwa miongozo ya nyumba za gharama nafuu. Kazi yake iliendelezwa kuanzia mwaka 2001 na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Miongozo, hata hivyo, haina miguu ya kupanda jukwaani.

Unguja tatizo lilikuwa kinyume chake: nyumba nzuri zilizokosa mtu wa kuzitazama. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kugawiwa wapangaji, kodi ikawa ndogo, na matengenezo yakakosa mwenyewe. Methali ya ufa na ukuta, ambayo siku hizi hutajwa kwenye kila jambo isipokuwa ujenzi, inaeleza sawasawa kinachoupata ukuta wa matumbawe: maji yakipenya ndani, chokaa huoshwa, kifusi cha katikati hushuka, na ukuta hufura kama tumbo. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilikuwa katikati ya ukarabati sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili.

Bara, miaka ya 1990 ilileta soko huria, maghorofa na sheria mpya. Mwaka 1997 Bunge la Tanzania lilipitisha kwa mkupuo sheria tatu, namba 15, 16 na 17, za kuwasajili wahandisi, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na makandarasi, kila kundi na bodi yake. Kimaandishi, kazi ikagawanywa kama inavyopaswa: mmoja anachora, mwingine anajenga, wa tatu anamsimamia kwa niaba ya mwenye mali, na halmashauri inatoa kibali. Kwenye eneo la ujenzi mikono hiyo minne iliweza kuwa ya watu waliojuana mno, au mihuri ya watu wasiofika kabisa. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Sakafu sita za ziada hazikujengwa usiku mmoja, wala hazikuwa mahali pa kificho. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo katikati ya biashara ya asubuhi, na zaidi ya watu 20 wakafa.

Kenya ilipita njia inayofanana. Kanuni zake za ujenzi za mwaka 1968, zilizofuata mfano wa Kiingereza, zilidumu zaidi ya nusu karne. Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na mwaka 2015 kikaundwa kikosi cha ukaguzi wa majengo. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoua karibu watu 50 tarehe 29 Aprili 2016 baada ya mvua kubwa, lilikuwa limesimama kandokando ya mto.

Mkaguzi huru anayeajiriwa na mwenye nyumba mwenyewe, asiyelipwa na mkandarasi wala halmashauri, ametokea pembeni mwa mfumo huu wote. Benki zinazokopesha kwa awamu zilisaidia kumzoesha, kwa kuwa hazitoi fungu la pili bila taarifa ya mtu wao. Aliyemfanya wa kawaida zaidi ni mtu anayejenga akiwa mbali, London, Muscat au Minneapolis, anayetuma fedha kwa ndugu na kurudishiwa picha za simu. Picha huonyesha tofali zimepanda. Hazionyeshi kina cha msingi. Mhandisi anayetumwa kwa kazi hiyo hufika kabla ya msingi kumwagwa, kabla ya lenta, na kabla ya kupaua. Huhesabu nondo, hupima mraba wa vyumba, huchukua vipande vya zege vya mchemraba wa sentimita 15 kila upande vikavunjwe maabara siku ya 7 na ya 28. Akikuta zege limeshamwagwa, hugonga kwa nyundo ya Schmidt inayopima ugumu wa uso wake. Mafundi wengi humpokea kama Bwana Afya alivyopokewa. Wengine hugundua kwamba taarifa yake huwakinga wao pia, hasa ndugu msimamizi anapokuwa ndiye aliyepunguza mifuko.

Katika mikataba rasmi sehemu ya malipo huzuiwa hadi kiishe kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni miezi 6 au 12. Kwa fundi wa mtaani zuio hilo huwa la mdomo: laki kadhaa zinabaki kwa mwenye nyumba mpaka masika yapite na paa lionekane halivuji.