Kiwango Hakikaliwi: Kwa Nini Nasema Kaida

Kamati moja ya istilahi, ambayo adabu inanizuia kuitaja, imesambaza orodha mpya ya maneno ya teknolojia. Humo, hali ya kampuni ya chipu kuwa na kiti katika vyama kama JEDEC, PCI-SIG au USB-IF imepewa jina la "uanachama katika mashirika ya viwango-sanifu vya kiteknolojia". Msomaji akianza kulitamka kwenye kituo cha basi Lubumbashi, atalimaliza Likasi. Urefu wake ningeusamehe. Kosa lisilosameheka ni kwamba jina hilo linasema uongo kuhusu kitu kinachotajwa.

Tuanze na kiwango. Neno limetokana na kitenzi cha zamani, kuwanga, yaani kuhesabu (yule awangaye usiku tumwache na shughuli zake). Kwa hiyo kiwango ni hesabu, daraja, kimo cha kitu. Hupanda na kushuka: kiwango cha maji, cha joto, cha mshahara. Shirika la Viwango Tanzania, tangu sheria yake ya 1975, linafanya kazi inayolingana kabisa na jina lake, kwa sababu saruji ama imefikia kimo kilichowekwa ama haijafikia. OCC yetu hapa Kongo nayo husimama mpakani na kukagua. Hayo ni mamlaka: mwenye mali yuko chini, mwenye muhuri yuko juu.

JEDEC haina muhuri wa namna hiyo. Ilianzishwa Marekani mwaka 1958, na wanaoandika maandiko yake ni wale wale watengenezaji watakaoyafuata. Mwulize fundi yeyote wa kompyuta katika komini ya Kenya kama bareti ya kumbukumbu ya DDR4 ina "kiwango" cha kuingia kwenye tundu la DDR3. Atakuonyesha pengo lililokatwa kwenye bareti, halipo mahali pamoja na lile la DDR3, na atakwambia moja inakula volti 1.5, nyingine 1.2. Haiingii, basi. Hapo hapana juu wala chini. Pana kuafikiana au kutoafikiana. Pengo lile lilikatwa hapo kwa sababu makampuni yanayoshindana sokoni yalikaa pamoja yakakubaliana likatwe hapo.

Kuhusu sanifu nitakuwa mpole, kwa kuwa ni neno zuri lililopewa kazi isiyo yake. Katika Kiarabu mzizi wake ni wa aina na mpangilio. Ndimo ilimotoka tasnifu, na msanifu wa majengo anastahili kujiita hivyo. Kazi ya kumaanisha kitu kilichowekwa rasmi kwa ajili ya wote ilikuja na ile kamati ya lugha ya makoloni ya Waingereza iliyoanza kazi 1930, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuchagua Kiunguja. Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar zilikuwamo. Elisabethville, yaani Lubumbashi ya wakati huo, haikuwa na kiti. Ndiyo maana hadi leo, sikio la Mkatanga likisikia "sanifu" linasikia Kiswahili bora, Kiswahili cha darasani, kitu kilichoamuliwa kwingine kikaletwa. Kuliita "sanifu" jambo ambalo wahusika wenyewe wameketi wakaliamua ni kuligeuza ndani nje.

Wako wanaopendekeza tubaki na Kifaransa chetu, norme, kama tunavyosema kila siku kwamba kitu fulani hakiko norme. Asili yake ya Kilatini ni kifaa cha seremala cha kupimia pembe, kile tunachokiita ekere. Heshima kwa ekere, lakini hiyo hushikwa na mkono mmoja. Na lile neno la Kiingereza lililozaa balaa hili lote lilitokana na Kifaransa cha kale, likimaanisha bendera iliyosimikwa vitani ili askari waikusanyikie. Bendera inakaribia ukweli kuliko ekere, ila ina jemadari, na JEDEC haina.

Neno langu ni kaida. Limo katika kamusi tangu zamani kwa maana ya utaratibu uliozoeleka, na ndugu yake wa wingi wa Kiarabu, kawaida, tunamtumia kila siku bila kumkumbuka. Mzizi wake ni kuketi. Kaida asili yake ni kitako, msingi ambao jengo limekalia. Kisha ikawa kanuni ambayo mambo yamekalia. Na Kiswahili, bila kumwomba Mwarabu ruhusa, kilifika mahali pale pale kwa mguu wake: kutoka kukaa kikapata kikao. Kaida, basi, ni kile kinachobaki wenye kikao wakishaondoka. Sijui istilahi nyingine iliyobeba namna ya kuzaliwa kwake kwa ukamilifu huu. Intel, Microsoft, IBM, Compaq, DEC, NEC na Nortel zilipounda USB, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Januari 1996, zilikaa zikatoa kaida. Hazikupimwa kiwango na mtu.

Pingamizi nimezisikia. Mmoja amesema kaida inanukia magaidi, kwa sababu kundi fulani lilijiita kwa neno hilo hilo la Kiarabu. Kwa mantiki hiyo tungeshaacha kusema kawaida. Mwingine, msomi wa mji huu huu ambaye huwa anasubiri nimalize kusema ndipo acheke, aliuliza ukumbini kama mwanachama wa chama cha kaida ataitwa mkaidi. Ukumbi ulicheka. Ukaidi una mzizi mwingine kabisa, na mtu anayefundisha lugha angelijua hilo kabla ya kusimama.

Hata hivyo, mzaha wake unaniletea mfano mzuri. Kampuni ya Rambus ilijiunga na JEDEC 1992, wakati kumbukumbu za aina ya SDRAM zikijadiliwa, ikajitoa 1996. Baadaye ikadai kwamba vilivyomo katika kaida ile vilikuwa chini ya hataza zake, na watengenezaji wakatakiwa kulipa. Tume ya biashara ya Marekani iliihukumu 2006. Mahakama ya rufani ikaitengua hukumu hiyo 2008. Mvutano mzima ulihusu swali moja: aliyeketi kwenye kikao ana wajibu gani wa kuwaambia wenzake anachokificha mfukoni? Swali hilo halieleweki hata kidogo ukisema "shirika la viwango". Shirika la viwango huulizwa kama limekagua vizuri. Katika chama cha kaida anayehojiwa ni aliyekaa.

Kwa Lubumbashi haya si mambo ya mbali. Transista ya kwanza, Desemba 1947, ilikuwa ya jerimani. Madini yanayoitwa renierite, yenye jerimani ndani yake, yalitambuliwa Kipushi na kupewa jina 1948. Mabaki ya tanuru lililochoma shaba tangu 1911 ndiyo yaliyorundikana yakawa ule mlima mweusi wa terril unaoonekana mji mzima, na mwaka 2024 STL, kampuni tanzu ya Gécamines, ilianza kupeleka jerimani yake kwa Umicore, Ubelgiji. Mali yetu imo katika nyaya za mwanga na darubini za usiku za watu. Gécamines inauza, katika JEDEC haina kiti.

Kinachotufikia sisi ni viwango, na hapo neno hilo nalikubali kwa moyo mweupe. Sheria ya Marekani ya 2010 iliyataka makampuni yaeleze asili ya bati, tantali, tangsteni na dhahabu yao. Tangu 2011 magunia ya wachimbaji wa kaskazini mwa Katanga yakaanza kufungwa etiketi za ITSCI, mpango wa kufuatilia asili ya madini. Januari 2014 Intel ikatangaza kwamba prosesa zake hazina madini ya vita. Mchimbaji hakuketi popote. Gunia lake lilipita au halikupita. Hicho ni kiwango hasa, na kamati ikitaka kuandika "shirika la viwango" kwa kazi ya namna hiyo sitanyanyua kalamu.

Matumizi, kwa haraka: kiwango kwa kinachokaguliwa, kaida kwa kinachoafikiwa. Chama cha kaida. Kampuni imejiunga na chama cha kaida. Kwa mkato, kampuni inakalia kaida. Ngeli ni ya I-ZI: kaida hii, kaida hizi. Orodha itakapochapwa tena, safu hiyo itajaa kwa maneno matatu tu, na wino utakaobaki wanakamati wagawane.