Umri wa Mtoaji na Uhai wa Konea

Konea ni utando angavu ulio mbele ya jicho, na mwanga wote unaotuwezesha kuona hupitia hapo. Ikipata kovu au ikivimba kupita kiasi, mgonjwa huona ukungu, na mara nyingi tiba inayobaki ni kumpandikizia konea ya mtu mwingine.

Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc uliokuwa ndani ya himaya ya Austria na Hungaria, daktari Eduard Zirm alimpandikizia konea kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Konea hiyo ilitoka kwa mvulana wa miaka 11 ambaye jicho lake lililoumia lilibidi kuondolewa. Upandikizaji ulifaulu, lakini macho ya namna hiyo ni adimu. Katika miaka ya 1930, Vladimir Filatov wa Odessa alionyesha kwamba konea za marehemu zinafaa, na mwaka 1944 benki ya macho ikaanzishwa New York. Kwa kuwa wengi wanaofariki ni wazee, swali jipya likazuka: je, konea ya mzee hudumu?

Shaka hiyo ilikuwa na msingi. Upande wa ndani wa konea una tabaka moja la seli zinazosukuma maji nje ili utando usivimbe, na seli hizo zikifa, mwili hauzalishi nyingine za kuziba pengo. Idadi yake hupungua kadiri miaka inavyosonga. Kwa hiyo madaktari wengi wa Marekani walikataa konea za watoaji waliozidi miaka 65. Wengine walijibu kwamba seli zinaweza kuhesabiwa kwa hadubini, na kwamba hali ya mgonjwa mwenyewe huweza kuharibu hata konea changa.

Ili kupata ukweli, kati ya 2000 na 2002 wagonjwa zaidi ya 1,000 nchini Marekani waliingizwa katika utafiti mmoja. Konea zote zilikuwa na seli za kutosha, na wapasuaji hawakuambiwa umri wa watoaji. Baada ya miaka 5, asilimia 86 ya konea zilikuwa hai, za watoaji wasiozidi miaka 65 na za wazee kuliko hao sawasawa. Baada ya miaka 10, zilizotoka kwa watoaji wa miaka 12 hadi 65 zilikuwa asilimia 77, na za miaka 66 hadi 75 asilimia 71, tofauti ambayo huenda ilitokana na bahati tu. Hata hivyo, kwa watoaji wachanga kabisa na wazee kabisa athari ya umri ilionekana: asilimia 96 kwa watoaji wa miaka 12 hadi 33, na 62 kwa wale wa miaka 72 hadi 75.

Basi kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli, ingawa wagonjwa hao walikuwa wa miaka 40 hadi 80 na wenye maradhi ya uvimbe wa konea, hivyo matokeo yao hayamhusu kila mgonjwa. Umri una uzito wake, lakini peke yake hautoshi kuwa sababu ya kuikataa konea yenye seli za kutosha. Mzee anayetaka kutoa macho yake baada ya kufa asijione amechelewa. Aseme nia yake kwa jamaa zake mapema, na uamuzi wa kufaa au kutofaa awaachie wataalamu.