Kura za Bukonjo: Mpinzani wa 1980 na Waziri wa 2016

Mlima Ruwenzori umewagawa watu wa lugha moja katika nchi mbili. Upande wa magharibi, Beni na Butembo, wanaitwa Wanande. Upande wa mashariki, katika wilaya ya Kasese nchini Uganda, wanaitwa Wakonjo. Kwenye forodha ya Kasindi na Mpondwe ndugu huvuka kwenda sokoni, arusini na matangani. Kwa hiyo historia ya kura za Kasese si habari ya ugenini kwa msomaji wa Kivu.

Kasese iliingia katika siasa ya taifa kwa mlango wa malalamiko. Mwezi Machi 1962 wajumbe wa Wakonjo na Waamba, wakiongozwa na mwalimu Isaya Mukirane, walitoka katika Rukurato, yaani baraza la ufalme wa Toro, wakidai kutambuliwa sawa na Watoro. Harakati ya Rwenzururu ikazaliwa. Wilaya yao wenyewe waliipata mwaka 1974, chini ya Idi Amin.

Uchaguzi wa tarehe 10 na 11 Desemba 1980 ulikuwa wa kwanza tangu Amin kuangushwa. Mkongwe wa uwanja alikuwa Milton Obote na chama chake cha UPC. Wagombea wake 17 walipita bila kupingwa. Kila chama kiliwekewa sanduku lake, ingawa wapinzani walitaka sanduku moja. Tena Paulo Muwanga, mkuu wa Tume ya Kijeshi, alijitwalia peke yake haki ya kutangaza matokeo. Mbele ya nguvu hiyo alisimama, miongoni mwa wengine, daktari kijana wa Kasese, Crispus Kiyonga, kwa tiketi ya UPM, chama kilichoasisiwa mwaka huo huo na Yoweri Museveni. Kilikuwa chama cha vijana na wasomi wa mrengo wa kushoto, ambao baadhi yao walikuwa wamefunzwa siasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kusema kweli, hakikuwa chama cha wanyonge watupu: Museveni mwenyewe alikuwa makamu wa Muwanga katika Tume. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Harakati ya Wazalendo wa Uganda. Na mwanaisimu hawezi kupita hapa bila kukumbuka kwamba neno hilo hilo, wazalendo, tangu miaka ya 2022 na 2023 limekuwa Kivu jina la watu wenye bunduki.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Museveni alishindwa katika jimbo lake na Sam Kutesa wa chama cha DP. Katika nchi nzima UPM ilipata kiti kimoja tu, nacho ni cha Kiyonga. Tarehe 6 Februari 1981 Museveni alishambulia kambi ya Kabamba, na hoja ya sanduku ikawa hoja ya msitu.

Walipotwaa dola mwaka 1986, Kiyonga alikabidhiwa wizara ya fedha, akaishika hadi 1992. Hapo ndipo mrengo wa kushoto ulipokunja bawa. Mwezi Mei 1987 serikali ilikubali mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na kila aliyebadilisha fedha akakatwa asilimia 30. Haielekei kuwa kijana wa 1980 angeomba kura kwa sera hiyo. Baadaye aliongoza wizara ya afya, kisha ile ya ulinzi kuanzia 2006.

Akiwa bado waziri wa ulinzi, alisimama Februari 2016 katika jimbo la Bukonjo Magharibi, lile linalogusa Mpondwe. Safari hii mkongwe alikuwa yeye, na mpinzani alikuwa Atkins Katusabe wa chama cha FDC. Waziri akashindwa. Wapo wanaoona humo usahaulifu wa wapiga kura. Lakini ni sahihi zaidi kuona mwendelezo. Wakonjo waliomchagua Kiyonga walikuwa wakikataa serikali ya mbali iliyojiona haing'oki, na waliomwangusha walikuwa wakikataa kitu kile kile. Kwamba aliyekuja kukiwakilisha ni mtu wao wenyewe, hilo halikumwokoa. Ushindi huo haukuwapa amani: tarehe 26 na 27 Novemba 2016 majeshi ya usalama yalivamia jumba la mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese, na watu zaidi ya 100 wakauawa.

Ng'ambo ya pili ya mlima, sanduku lenyewe ndilo lililoondolewa. Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ya Kongo iliahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama, ilhali rais mpya angeapishwa Januari. Tarehe 30 Desemba wakaaji wa Beni walijiwekea vituo vyao, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakapanga foleni na kupiga kura ambazo walijua hakuna atakayezihesabu Kinshasa.