HEAL Africa: huduma iliyoinuka juu ya lava

HEAL Africa ni shirika la Kikristo la Goma lenye hospitali na kazi za jamii. Lilianzishwa mwaka 2000 na Jo Lusi, daktari Mkongomani mpasuaji wa mifupa, na mkewe Lyn, Mwingereza. Herufi za HEAL zinasimamia afya, elimu, matendo ya jamii na uongozi. Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliteketeza hospitali, ikajengwa tena. Vijijini, Kamati za Nehemia huketisha pamoja viongozi wa dini na makabila mbalimbali. Lyn alifariki mwaka 2012, kazi ikaendelea. Wapendwa, tunashukuru kwa misaada ya mbali. Lakini ukuta wa Yerusalemu ulijengwa na wenyeji, baadhi yao mbele ya nyumba zao wenyewe. Nasi tuanzie hapo.